Nyayo za Njano

Jumatatu tajiri alinipa kisu cha siagi
na beseni la maji ya moto yenye siki.
"Zibandue," akasema, kidole kikionyesha sakafu:
jozi nne za nyayo za njano,
mita moja baina ya jozi na jozi,
zilizobandikwa mwaka ule
tulipouza mikate kupitia tundu la nailoni.

Nikapiga magoti.
Serikali ilikwishatamka redioni:
kuanzia Oktoba, atakaye avae, asiyetaka avue.
Gundi haikusikiliza redio.

Hapa Punta Arenas upepo hauombi kibali.
Hung'oa mabati, huvusha kofia ukuta wa makaburi,
kwa hiyo wapo wanaovaa barakoa kwa ajili ya baridi,
na wapo wanaosingizia baridi.
Mimi nimo kundi la pili. Msimwambie tajiri.

Don Evaristo Mansilla akaingia kifua mbele,
uso mtupu kama aliyefunguliwa pingu.
"Yamekwisha hayo, mabibi!" akapaaza,
akakohoa,
na foleni nzima ikarudi nyuma hatua moja,
hata waliokuwa wakiwacheka wenye kuvaa.
Zamani kikohozi kilikuwa kikohozi tu.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi;
sisi tuliumwa na pumzi. Twende wapi pasipo pumzi?

Bi Otilia Marusic hakurudi nyuma.
Barakoa yake ameishona kwa mkono,
ameikata kwenye shati la mistari la marehemu mumewe.
Najua, maana shati lile
lilikuja hapa kila Jumamosi
kuchukua mikate sita na kulalamikia bei.
Siku hizi yeye huchukua miwili.
Don Evaristo akaitazama ile mistari,
akafungua kinywa,
akakifunga.
Nilimpenda kwa hilo, muda wa kufunga mfuko mmoja.

Halafu kuna Nahuel wa kwenye tanuri.
Aliajiriwa katikati ya balaa;
mwaka na miezi minane nilimjua kwa nyusi.
Macho hayana pazia, walisema wahenga.
Hawakusema kwamba kinywa kikitiwa pazia
mtazamaji atajichorea kinywa chake.
Nilimchorea Nahuel midomo minene,
tabasamu la upande mmoja.
Alipovua nikaona kidevu kidogo,
masharubu haba kama makombo,
na pengo.
"Mbona unaniangalia?"
Nikamwambia natafuta koleo.
Nilikuwa namwomboleza mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Yeye naye akangoja nivue.
Sijui kichwani mwake amenichora vipi.
Heri kibaki kile kile.

Na niseme kweli: siogopi ugonjwa kiasi hicho,
nimechanjwa mara nne.
Ila miaka miwili hakuna mteja aliyeniagiza,
"Hebu tabasamu, binti."
Nyuma ya kitambaa nimetukana, nimepiga miayo,
siku moja nimelia nikihesabu chenji,
na chenji ikatimia.
Nyumba kama hiyo nani huihama kwa tangazo?

Usiku sakafu iling'aa, haina hata kovu.
Jumanne, kabla hakujapambazuka vizuri, foleni ikaja.
Wa kwanza akasimama palepale pa nyayo za kwanza.
Bi Otilia pa pili.
Na mita moja kamili nyuma yake, uso wazi,
akihubiri kwamba yamekwisha,
Don Evaristo, visigino vimepangwa
pale pale nilipokwangua.

"Hukuzibandua?" tajiri akaninong'oneza.
Nikamfunulia pipa.
Zilikuwamo zote nane, zimejikunja,
zimegandana kwa gundi yao wenyewe,
kidole kwa kisigino,
hata unga usingepenya kati.